Bahasha ya Mheshimiwa

Ufunguo wa kabati ninao mimi,
Zena wa masijala, ghorofa ya pili,
chumba chenye dirisha moja lisilofunga.
Kila baada ya miaka miwili huja bahasha za kaki,
kila moja na jina, sahihi, na gamu juu ya gamu.
Ndani yake, wasema, mna mali ya waliochaguliwa:
viwanja, hisa, madeni, ng'ombe wa mke wa pili.
Kazi yangu ni kuzipokea, kuziandika daftarini,
na kutojua.

Mheshimiwa Bunu ya kwake aliileta mwenyewe,
kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
akauliza kama mtu anayeuliza bei ya samli:
"Haifunguliwi, sivyo?"
Nikamwambia, haifunguliwi ila kwa amri.
"Alhamdulillahi. Mtu na nyumba yake.
Hata sisi tuna sitara."

Sitara. Neno hilo nimelelewa nalo.
Nyumba ya mama, Mkomani, ina daka la kupokea wageni,
kisha tekani, ambapo njia inapinda
ili jicho la mpita njia lisifike uani,
kisha msana, kisha ndani, kisha ndani ya ndani,
na kibweta cha mama chenye risiti za rehani
alizozificha hata baba akafa hajui.
Sitamcheka mtu anayefunga mlango.
Mji wetu mzima umejengwa kwa kufunga milango.

Lakini mwezi huo huo wa bahasha
ulikuwa pia mwezi wa basari.
Alikuja Mwanatumu wa Langoni, mjane wa seremala,
na fomu ya kurasa tano ya mwanawe wa kidato cha pili.
Paa: makuti au mabati?
Mbuzi wangapi?
Nani hukutumia pesa, kiasi gani, kutoka wapi?
Marehemu aliacha nini?
Alijibu yote mbele ya foleni, maana kaunta haina pazia
na kijana wa mapokezi ni mzito wa kusikia:
"Mmoja! Nimesema mbuzi mmoja! Na si wangu!"
Chifu akaupiga muhuri umaskini wake.
Orodha ikabandikwa ubaoni, nje, upande wa jua,
jina lake la kumi na nne,
na mbele ya jina, elfu nne na mia tano.

Elfu nne na mia tano
zimemvua mpaka ndani ya ndani.
Mamilioni yamelala kabatini mwangu
yamejifunika gubigubi.

Nimelipima hili na halijanikalia sawa.
Sina haja na dhahabu ya mkewe, mahari ni mahari,
wala bili ya hospitali ya binti yake,
wala anachomtilia mamake mkononi siku ya Ijumaa.
Hayo na yabaki ndani, Mungu ayafunike.
Ila kile kiwanja cha Mokowe, kilichokuwa cha zahanati,
ambacho siku hizi kina ukuta na mbwa,
hicho si cha ndani. Hicho ni cha dakani.
Alipotaka kura alibisha kwetu, akavuka daka,
akala biriani ya mama akisema, mimi ni mtoto wenu.
Mtoto akirudi na kitu mkononi
huulizwa: umekitoa wapi?

Jana, kwa unyevu wa mwezi huu, gamu ililegea.
Nilikuwa natafuta faili nyingine,
na bahasha yake nikaikuta imeachama
kama mtu aliyelala mdomo wazi.
Niliona ukingo wa karatasi. Wino wa buluu.
Saba, kisha sifuri, sifuri,
zikiingia gizani zikifuatana.
Hapakuwa na mtu. Feni tu.

Nilifanya nilivyofundishwa.
Nilikiinua kifuniko, nikakilamba, nikakibana kwa kiganja
nikihesabu hadi ishirini.

Leo nimeshuka ngazi, nimepita ubaoni.
Jua limekula jina la kumi na tatu na la kumi na tano.
La Mwanatumu bado linasomeka.
Mwenyewe nilimkuta sokoni, akaniuliza habari za kazi,
nami ulimi ulikuwa ungali na ladha ya gamu.